Baiskeli Inapanda Treni, Ila Isipande Bila Karatasi Yake

Leo naweka pembeni habari za chonga kwenye minazi, tuzungumze jambo la safari. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameacha kazi yake. Someni kwanza, kwa sababu mwisho wa jambo hili ni faida ya mazao yenu.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Baleni alinikuta sokoni Kilindoni. Yeye na mama yake wanakamua mafuta ya nazi, na mwaka huu kikundi chao kinakwenda Nanenane Morogoro.

"Shikamoo bwana shamba. Eti baiskeli inapanda treni?"

"Marahaba mdogo wangu. Unaipeleka wapi baiskeli?"

Akanieleza. Maonyesho ni tarehe 1 hadi 8 Agosti. Mchana atakuwa bandani na wenzake, lakini asubuhi na jioni anataka azunguke mitaani kuuza mafuta kwa rejareja. Mwenzake aliyekwenda mwaka jana aliuza vizuri, ila fedha nyingi ilikwenda kwa bodaboda. Yeye ana Phoenix yake, keria imeongezwa nondo na fundi, inabeba madumu manne. Nauli na mtaji wa safari amekopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kwa hiyo baiskeli ikipotea njiani, atarudi na deni na hana cha kulilipia, maana hiyo hiyo ndiyo inayopeleka mafuta Kirongwe na Kilindoni siku zote.

Nilimjibu kwamba baiskeli inapanda treni, lakini inapanda kama mzigo, na mzigo usio na karatasi ni sawa na sadaka. Tena kabla ya kufikiria treni, akae chini apige hesabu kama safari yenyewe inailipa. Hayo mawili ndiyo ninayotaka kuyaeleza leo, pamoja na jambo la tatu ambalo si la abiria bali la wenye vyombo.

Reli inatuhusu hata sisi wa kisiwani

Hapa kwetu hakuna reli hata ya mita moja. Lakini Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na katika Nanenane tuko Kanda ya Mashariki pamoja na Dar es Salaam, Tanga na Morogoro, na maonyesho ya kanda yanafanyika Morogoro. Morogoro ni mji wa reli tangu zamani. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928 wakati wa Waingereza. Baadaye ikaja TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikipita Ifakara, Mlimba, Makambako na Mbeya. Na mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ikaanza kubeba abiria, kwanza Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni, kisha mpaka Dodoma mwezi Julai.

Ukitazama njia hizo utaona zinapita kwenye mpunga wa Kilombero, mahindi na mbogamboga za Kilosa, na masoko ambayo nazi na dagaa wetu wanatafutwa. Mfanyabiashara wa kijiji akishuka stesheni huko, kilomita za mwisho ndizo zinazomla. Treni inakufikisha stesheni, haikufikishi nyumbani kwa mteja. Ndiyo maana swali la yule kijana si la kitoto.

Yaliyonikuta mimi

Nasema kwa uzoefu. Stashahada yangu ya kilimo niliisoma Ilonga, wilayani Kilosa. Chuo kiko nje ya mji, na mwanafunzi mwenye baiskeli alikuwa tajiri. Nikaamua kuipeleka yangu kwa treni kutoka Dar es Salaam. Nikaipeleka kwenye vifurushi, ikapimwa, nikalipa, nikapewa risiti. Hapo nilikuwa sawa kabisa.

Kosa langu lilikuwa kwenye lebo. Niliandika jina na "KILOSA" kwenye karatasi ya daftari, nikaifunga kwenye usukani kwa uzi wa kushonea. Tulipofika Kilosa ilikuwa usiku, na treni haikai muda mrefu. Nilishuka na begi langu nikaenda kwenye behewa la mizigo kuisubiri, kumbe karatasi ilikwisha kukatika, na baiskeli imelala chini ya magunia kama mzigo wa mtu wa mbele. Treni ikaondoka nayo. Nilitembea kwa miguu hadi chuoni nikiwa na godoro kichwani.

Baiskeli ilirudi baada ya siku tatu. Ilirudi kwa sababu moja tu, nilikuwa na risiti yenye namba, na fremu nilikuwa nimeiandika namba hiyo hiyo kwa kalamu ya rangi nilipokuwa nasubiri foleni. Karani aliuliza stesheni za mbele akitaja namba, si jina langu. Kama ningekuwa nimempa mtu elfu kadhaa mkononi anisaidie kuipakia, leo ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Hesabu miguu yote ya safari

Watu wengi wakisema nauli ya baiskeli wanafikiria treni peke yake. Kwa mtu wa Mafia, treni ndiyo sehemu rahisi. Baiskeli ya yule kijana kutoka Baleni mpaka Morogoro itapita hapa:

1. Baleni hadi gati la Kilindoni, hapo anaendesha mwenyewe.
2. Kilindoni hadi Nyamisati, kwa kivuko cha MV Kilindoni au boti.
3. Nyamisati hadi Mbagala, kwa basi, ikiwa juu ya keria au ndani ya buti.
4. Mbagala hadi stesheni ya treni. Hapa tena anaweza kuendesha mwenyewe kama anaujua mji, lakini Barabara ya Kilwa si ya kujaribia na madumu manne.
5. Stesheni hadi Morogoro, kwa treni.

Mara tatu itapandishwa na mara tatu itashushwa. Kila inapopandishwa kuna mtu wa kulipwa, na kila inaposhushwa kuna spoku ya kupinda. Halafu zidisha mara mbili, kwa sababu kuna kurudi.

Sasa tupige hesabu kwa mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, wewe weka zako baada ya kuuliza. Tuseme kuipeleka baiskeli kunagharimu shilingi 25,000 kwa jumla ya vyombo vyote, na kuirudisha 25,000. Hiyo ni 50,000. Tuseme bila baiskeli ungetumia bodaboda safari nne kwa siku, kila moja 2,000, yaani 8,000 kwa siku. Ukikaa siku tatu, bodaboda itakula 24,000, na baiskeli imekula 50,000. Umepata hasara ya 26,000 kwa kubeba chombo chako mwenyewe. Ukikaa siku nane, bodaboda ingekula 64,000, kwa hiyo baiskeli imekuokolea 14,000. Kwa tarakimu hizi, siku ya saba ndiyo baiskeli inaanza kukulipa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Safari ya siku mbili tatu, acha baiskeli nyumbani. Safari ya wiki na zaidi, au ya msimu mzima kama wale wanaokwenda kununua mpunga Ifakara wakati wa mavuno, ibebe. Katikati ya hapo, iko njia ya tatu ambayo watu wanaisahau. Nenda kwa fundi baiskeli wa mji unaofikia, nunua iliyotumika, itumie, na siku ya kuondoka muuzie yeye yule au mwenzake. Utapoteza kidogo, lakini pengine hicho kidogo hakifikii gharama ya kuvuka bahari mara mbili. Dai risiti au andikishianeni mbele ya mjumbe, usije ukaambiwa umenunua cha wizi.

Treni ipi?

Treni si moja, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Treni ya kawaida ya reli ya kati ya zamani ina utaratibu wa vifurushi na vipeto. Unapeleka mzigo mapema, unapimwa, unalipia, unapewa karatasi. Hii ndiyo treni ya baiskeli. Ubaya wake haisafiri kila siku, na msimu wa mvua njia inaweza kusimama, hasa upande wa Kilosa ambako mafuriko yamewahi kuing'oa reli. Uliza ratiba kabla hujaondoka kisiwani, usiulizie ukiwa Mbagala.

Treni ya SGR inakwenda Morogoro chini ya saa mbili, lakini imepangwa kwa ajili ya mtu na begi lake. Mizigo inakaguliwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Usifike pale na Phoenix nzima begani ukidhani utapenya kama unavyopenya kwenye boti. Ukitaka kuitumia, nenda dirishani kabla hujakata tiketi, ueleze kwamba una baiskeli, usikilize jibu. Unaweza pia kuitanguliza baiskeli kwa treni ya kawaida au kwa basi la mizigo, wewe ukafuata kwa SGR, ili mradi kuna mtu wa kuipokea.

Na basi je? Basi la Morogoro lipo kila siku, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kwenye basi bei ya baiskeli ni maelewano, na anayeelewana vibaya ni mgeni. Ukipanda basi, bei iandikwe kwenye tiketi yako: "abiria 1 na baiskeli 1". Kondakta akikataa kuandika, ujue baiskeli hiyo haimo ndani ya gari kwa mujibu wa karatasi, hata kama unaiona kwa macho.

Kuiandaa baiskeli

Haya ni ya kufanya nyumbani siku moja kabla ya safari, si gatini.

Fungua pedeli. Beba spana ya namba 15. Pedeli ya kulia inafunguka kama nati ya kawaida, ya kushoto inafunguka kinyume, ukilazimisha unaharibu uzi wa mkono wa pedeli. Pedeli ndizo zinazochoma magunia ya watu na kuleta ugomvi.

Legeza usukani, ugeuze ulale sambamba na tairi la mbele, kisha kaza kidogo usichezecheze. Hapo baiskeli inakuwa bapa na inaegemea ukutani.

Teremsha kiti hadi chini. Pedeli, kengele, taa na pampu vitie kwenye mfuko mmoja, ukae nao wewe. Kinachoweza kufunguliwa kwa mkono kinaweza kufika bila wewe.

Usiache dumu likining'inia kwenye keria. Mafuta ya nazi yakimwagika kwenye mchele wa mtu, utaulipa mchele. Madumu yafungwe na kupimwa peke yake.

Andika jina lako, unakotoka na unakokwenda mahali pawili, kwa kalamu isiyofutika. Lebo moja ya kipande cha turubai ifungwe kwa waya, si uzi wa kushonea kama wangu. Nyingine bandika kwenye fremu kwa gundi ya karatasi ya nailoni. Tafuta pia namba ya fremu, kwa kawaida imegongwa chini ya ekseli ya pedeli au chini ya kiti. Iandike kwenye daftari na uipige picha kwa simu, pamoja na baiskeli nzima na risiti.

Tena tusisahau bahari. Nanenane inaangukia kwenye kusi. Wote tunajua maji ya kusi yanavyorukia sitaha kati ya Kilindoni na Nyamisati. Chumvi ikikaa kwenye cheni siku nne, utaikuta imekuwa nyekundu na imekakamaa. Kabla ya kuondoka paka grisi au oili cheni, ekseli na nati, ufunike kwa turubai. Ukifika tu bara, imwagie maji baridi ya bomba, ifute, itie oili tena. Kazi ya robo saa inakuokolea cheni mpya. Na mafuta ya nazi si oili ya cheni, ninajua mnavyopenda kubana.

Hoja yangu kwa wenye vyombo

Mpaka hapa nimemsema abiria. Sasa nawageukia wanaosafirisha, wa majini na wa nchi kavu.

Baiskeli kwa mkulima mdogo ni kama jembe. Ndiyo gari lake la kupeleka nazi gulioni na mgonjwa zahanati. Lakini kwenye vyombo vingi bei yake haijaandikwa popote. Inategemea nani yuko zamu, na abiria anaonekanaje. Mtu wa Jibondo na mtu wa Kilindoni wanaweza kupanda chombo kimoja na baiskeli za aina moja, wakalipa bei mbili. Hali hiyo inamfundisha abiria kupitisha mzigo kwa mlango wa nyuma, na mzigo wa mlango wa nyuma ukipotea hakuna anayewajibika. Chombo nacho kinakosa mapato halali.

Najua jibu litakalotolewa. Vyombo vinajaa, na baiskeli moja inachukua nafasi ya watu wawili. Ni kweli, na sidai baiskeli zisafiri bure wala zizibe njia za kupita. Hata nchi zenye baiskeli kuliko sisi zimelazimika kuweka utaratibu. Uholanzi baiskeli ya kawaida hairuhusiwi kwenye treni saa za watu kwenda na kutoka kazini, ila ile ya kukunja inapita kama begi. Japani unatakiwa uifungue na kuitia kwenye mfuko maalumu. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba treni mpya ziwe na nafasi zisizopungua 4 za baiskeli. Kila mmoja ameamua kwa njia yake, lakini wote wanafanana kwa jambo moja, abiria anajua mapema nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi.

Ninachoomba ni vitu vitatu, na havihitaji bajeti kubwa. Kwanza, ubao wa bei kwenye kila gati, stendi na stesheni, wenye mstari ulioandikwa "baiskeli". Pili, risiti ya baiskeli itolewe hata kama bei ni shilingi elfu mbili. Tatu, patengwe mahali pa kuziegemeza na kuzifunga kamba, hata kama ni nafasi nne tu, na zikijaa mtu aambiwe zimejaa.

Na sisi wananchi tusikae tunasubiri. Vikundi vinavyokwenda Nanenane viandike barua moja mapema, kupitia ofisi ya kata, kueleza tuna watu wangapi, baiskeli ngapi na mizigo kilo ngapi. Mzigo wa kikundi unaojulikana wiki mbili kabla ni rahisi kupangiwa nafasi. Watu kumi wakifika gatini asubuhi kila mmoja na baiskeli yake na maneno yake, hata nahodha mwema atakasirika.

Yule kijana

Jumatatu alikuja ofisini na karatasi ya daftari. Ameuliza bei mwenyewe, mguu kwa mguu, kwa simu na kwa watu waliosafiri. Hesabu yake ilimwonyesha kwamba kwa siku nane za maonyesho faida ni ndogo mno, haifai kuhatarisha baiskeli ya familia. Lakini ana mjomba Kihonda, hapo hapo Morogoro, anayeweza kumlaza bure. Akikaa siku 15 akamaliza madumu yote, hesabu inakubali. Kwa hiyo baiskeli itakwenda, kwa treni ya kawaida, siku moja kabla yake, na mjomba ataipokea kwa namba ya risiti.

Nilimwuliza lebo ataiandika kwenye nini. Akanitolea kipande cha turubai la bluu, tayari kimetobolewa matundu mawili, na waya umepitishwa.

Wengine mnaojiandaa, fanyeni kama yeye. Ulizeni bei ya kila mguu, pigeni hesabu ya siku, kisha njooni ofisini na karatasi zenu tuzipitie pamoja. Orodha ya wanaokwenda na baiskeli naanza kuiandika wiki hii, ili barua ya vikundi iondoke mapema. Kazi njema.